Kompyuta Mpakato Iliyokataa Kupakatwa

Aliyetunga jina "kompyuta mpakato" lazima alikuwa mlezi. Angeweza kuiita ya mkobani au ya begani, lakini aliona mbali: kitu hiki hupakatwa, kama mtoto mchanga. Na mtoto mchanga ana watu wake. Atapakatwa na jirani, atapakatwa na abiria asiyemjua kwenye daladala, katulia tuli. Ukimpokea wewe baba mzazi, anaangua kilio mpaka watu wanakutazama vibaya.

Yangu haikulia. Yangu ilizima.

Niliinunua Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, mpya ndani ya boksi na nailoni yake, kwa shilingi 1,150,000, baada ya kulialia bei mpaka muuzaji akaniuliza kama nyumbani kuna msiba. Hapakuwa na msiba, palikuwa na harusi. Mtoto wa mjomba alikuwa anaoa, na mimi nilichaguliwa katibu wa kamati. Wengi mnaijua kazi hiyo. Mwenyekiti anafungua kikao na kukifunga, mweka hazina anashika pesa, lakini katibu ndiye anayejua siri za ukoo: nani aliahidi laki tatu mbele ya watu huku anapiga kifua, na mpaka leo ametuma elfu ishirini kwa simu, na ya kutolea hakuweka.

Nikaona kazi nzito namna hii haifai kuandikwa kwenye daftari la mistari. Nikahamishia kila kitu kwenye laptopu: majina 86, ahadi kwa bluu, taslimu kwa kijani, wadaiwa sugu kwa nyekundu. Daftari nikawapa watoto. Siku ya pili lilikuwa ndege za karatasi juu ya bati la jirani.

Wiki ya kwanza tuliishi vizuri, mimi na mashine. Jumapili yake mama akaja kutusalimia kutoka Tanga na mizigo yake ya kawaida: machungwa ya Muheza, nazi, dagaa, malalamiko kwamba nimekonda, na bangili nyeusi aliyouziwa ndani ya basi na mmoja wa wale vijana wanaosimama katikati ya viti wakiuza dawa ya meno, dawa ya mgongo na dawa ya mende, zote chupa moja. Mara ya mwisho zahanati walinipima presha wakakuta 150 kwa 95, na kijana wa basi alimhakikishia mama kwamba bangili ile inapanga damu. Mkono wa kushoto, upande wa moyo. Mchana unavaa, usiku unavua, damu nayo ipumzike. Mama akanivalisha mwenyewe. Una miaka 41, una watoto watatu, lakini mama akikuvalisha kitu unanyoosha mkono.

Jumatatu asubuhi nikakaa mezani, nikafunua laptopu, nikabonyeza kitufe. Skrini ikawaka, nembo ikanichungulia, ikazima. Taa ndogo ya kitufe ikabaki inapepesa taratibu, kama kimulimuli aliyechoka. Nikabonyeza tena. Kimya. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi, kana kwamba kitufe hakinisikii vizuri. Kimya. Nikachomeka chaja, nikahamia soketi nyingine, nikaipulizia, nikaibeba mpaka dirishani. Pale dirishani, nikiwa nimesimama, ikawaka. Nikarudi nayo mezani kwa mwendo wa mtu aliyebeba uji wa moto, nikakaa, nikaegemeza mikono nianze kuandika. Giza.

Saa mbili usiku, nimeshaoga, nimekaa na msuli wangu, ikawaka kwa kubonyeza mara moja na kukesha nami mpaka saa sita. Jumanne mchana, giza. Jumanne usiku, inang'aa. Mtu yeyote mwenye akili anaona hapo kuna mpangilio. Mimi nikauona: umeme. Nyuma ya nyumba yetu kuna kijana anachomelea mageti, na mtaa mzima tunajua kwamba mchana yeye ndiye anayekula umeme wetu, sisi tunabakiziwa mifupa. Nikavaa viatu, nikamfuata. Nilimpa maneno mazito mbele ya wateja wake, juu ya vifaa vya watu, juu ya ustaarabu, juu ya serikali ya mtaa. Aliniacha nimalize. Kisha akavua miwani yake myeusi.

"Kaka, shikamoo kwanza. Mimi tangu Jumamosi LUKU imeisha. Hapa napiga msasa tu."

Jioni ile mke wangu alimpelekea machungwa.

Dukani nilikonunua nilikwenda mara mbili. Mara ya kwanza fundi wao aliichukua, akabonyeza, ikawaka. Akanitazama. "Ilikuwa haiwaki," nikasema. "Ndiyo, bosi." Akanifundisha kuchomoa chaja na kukandamiza kitufe sekunde 30 ili umeme uliobaki ndani utoke. Ni dawa nzuri kweli kwa mashine iliyoganda, lakini yangu haikuwa imeganda, ilikuwa inanisubiri mimi tu. Mara ya pili nilimwambia asiiguse, nitaiwasha mwenyewe aone. Nikabonyeza nikiwa nimesimama kaunta, ikawaka kwa heshima zote. Fundi akamkonyeza mwenzake. Waranti ya mwaka mmoja, akaniambia kwa upole, ni ya mashine. Mteja hana waranti.

Huku nyuma kundi la WhatsApp la kamati lilikuwa limeanza kuchemka. "Katibu, tunaomba mchanganuo." "Katibu upo?" "Katibu, tiki za bluu tunaziona." Nikajibu kwamba laptopu inasumbua. Ikapita dakika nzima bila mtu kuandika, na kwenye ukoo wetu dakika nzima ya ukimya ni hukumu. Kisha shangazi, ambaye ndiye mweka hazina, akatuma ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Mpaka leo sijaumaliza. Unaanza kwa maneno, "Laptopu mpya..." halafu anacheka.

Kikao kilikuwa Jumamosi saa tisa alasiri, uani kwa mwenyekiti. Watu ishirini na kitu, viti vya plastiki, kreti mbili za soda. Nikawaamkia, "Shikamooni," wakaitikia marahaba za kuhesabika. Nikakaa, nikafunua, nikaegemeza mkono wa kushoto kwenye kona ya laptopu nilivyozoea, nikabonyeza kwa wa kulia.

Giza.

"Hebu nipe mimi," alisema shangazi. Hajawahi kushika kompyuta maishani mwake. Akaipakata juu ya khanga, akabonyeza kwa kidole chenye hina, ikawaka. Uani pakapita mguno. Nikaipokea, nikaiweka sawa magotini, ikazima. Akaichukua mjomba, ikawaka. Nikaipokea, ikazima. Ikapelekwa kwa dada wa bwana harusi, kwa mume wake, kwa mzee mmoja jirani ambaye hata si mwanakamati, alifuata soda: ikawaka, ikawaka, ikawaka. Kila iliporudi kwangu ilifumba macho. Shangazi akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini. Mtu wa nyuma akasema, yeye si kwa sauti ya chini, kwamba ukila cha watu hata mashine inakujua.

Mwenyekiti ndiye aliyefika mbali zaidi. Aliipakata, ikawaka, na kwa kuwa mimi huwa siizimi, nafunika tu, ikafunguka palepale nilipoachia usiku: ukurasa wa wadaiwa sugu. Wa kwanza kabisa, kwa wekundu uliokolea, alikuwa yeye. Ahadi laki tano, ametoa sifuri. Akaifunika haraka kama mtu aliyekuta nyoka chunguni.

"Kweli ina hitilafu," akasema.

Aliyeniokoa ni mpwa wake, kijana wa chuo aliyekuwa anagawa soda. Aliomba aione. Hakubonyeza ovyo kama sisi. Aliingia mahali ambapo mashine inajiandikia kumbukumbu zake, akashuka na mistari, akashuka, akakunja uso.

"Anko katibu, hiki kifuniko wewe unakifunga mara ngapi kwa siku?"

"Asubuhi nafungua, usiku nafunga."

"Jana mchana peke yake umefunga mara 31. Saa nne na dakika 12 imelala, sababu: kitufe au kifuniko. Saa nne na dakika 13, kitufe au kifuniko. Dakika hiyohiyo tena, kitufe au kifuniko."

"Kwa hiyo haijafa?"

"Haijafa wala haiumwi. Inadhani umeifunika, inalala."

Nilifikiri ananitania. Nikanyoosha mkono kuchukua soda nitulize koo, na kizibo kilichokuwa kando ya chupa kikaruka, tik, kikaganda chini ya kifundo cha mkono wangu. Niseme ukweli, haikuwa mara ya kwanza. Wiki nzima vijiko vya chai vilikuwa vinanifuata, na pini za ofisini, nami nikaona ndiyo damu inapangika. Shangazi alipandisha dua. Kijana alikikazia macho kile kizibo, akaniangalia mimi, akaiangalia laptopu, kisha akacheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga.

"Anko, vua hiyo bangili."

Nikavua. Akaishika kwa vidole viwili, akaitembeza ukingoni mwa laptopu iliyokuwa inawaka, kuanzia kulia. Majina yakabaki kwenye skrini. Ikapita katikati, yakabaki. Ilipofika kona ya kushoto, mahali padogo kama ukucha wa dole gumba, ndipo hasa ninapoegemeza mkono, skrini ikafumba. Akaitoa, akabonyeza, ikawaka. Akairudisha, ikafumba. Alifanya hivyo mara sita, na kila mara watu waliitikia "Eeeh!" kama wako kwenye mazingaombwe. Mzee jirani aliomba arudie mara ya saba.

Kumbe ndani ya fremu ya skrini kuna kipande cha sumaku, na chini yake, ndani ya kibao, kuna kihisi. Ukifunika, sumaku inashuka juu ya kihisi, kihisi kinaiambia mashine bosi kaondoka, lala. Bangili ya mama ilikuwa na sumaku sita zilizofichwa kwa rangi nyeusi, na kihisi hakina macho: hakijui kama kimefunikwa na skrini au na mkono wa mwenye mali. Ndiyo maana usiku, bangili iko juu ya kabati, tulikuwa tunaelewana. Kijana alisema kwa wengi huwa ni kava la simu lenye kifungo cha sumaku, au laptopu moja kulazwa juu ya nyingine. Mtu aliyejivalisha tatizo mkononi na kutembea nalo, mimi ndiye wa kwanza kumwona.

Usiku ule nilisoma kidogo, laptopu inawaka kama taa za meli. Kihisi hicho kinaitwa kwa jina la Edwin Hall, Mmarekani aliyegundua mwaka 1879, akiwa bado mwanafunzi, kwamba umeme unaopita kwenye ukanda mwembamba wa dhahabu husukumwa pembeni sumaku ikisogezwa. Kijana wa watu alikuwa anatafuta elimu. Hakukusudia kunigombanisha na mchomeleaji.

Basi mchanganuo ukasomwa, shilingi kwa shilingi, na watu wakaniomba radhi kwa mtindo wa ukoo wetu, yaani waliniongezea soda. Shangazi alinipa mbili, ile ya pili akaifungua mwenyewe kwa meno. Zahanati nao, nilipowasimulia habari ya bangili, walinipa vidonge na kunikataza chumvi. Mama akipiga simu namwambia presha inashuka, na ni kweli inashuka, inayoshushwa na nini si lazima tuchambue kwenye simu.

Bangili yenyewe ilikuwa imebaki mezani siku ya kikao. Mwenyekiti akaiokota, akaipimapima mkononi. "Mimi pia nina presha," akasema. "Kama wewe huitumii..." Ni mzee wangu. Nikamwachia.

Kikao cha mwisho kilikuwa wiki mbili kabla ya harusi. Niliiweka laptopu katikati ya meza kwa mbwembwe, ikawaka mara moja, kila mtu anaona. Ajenda ilikuwa moja: ahadi ambazo hazijalipwa, tuanze na namba moja. Mwenyekiti alikuwa amekaa kushoto kwangu, kanzu nyeupe, mikono imefichwa ndani ya mikono ya kanzu. Akainama kama mtu anayetaka kusoma kwa karibu. Akauchomoa mkono wa kushoto, akauweka kwenye kona ya laptopu, taratibu, kama anaibariki.

Giza.

"Katibu," akasema, "naona lile tatizo lako limerudi."