Slivu ama baipasi? Mimi naanza na goti langu

Kwa chama chetu tuko wanawake kumi na wawili, na tangu mmoja wetu afanyiwe slivu, ile operesheni ya kukatwa tumbo ili upungue kilo, mwaka juzi akatoka kuwa lori akawa tuk-tuk (maneno yake mwenyewe, si yangu), hakuna mkutano unaisha bila mtu kuniangalia mimi. Naelewa kwa nini. Niko kilo 128, urefu mita 1.64, BMI, yaani kipimo cha uzito kwa urefu, inakuja 47 na kitu, na presha tumeshazoeana kama majirani. "Si ufanye tu kama yangu," ananiambia huku akijipimia mandazi nusu, "hata hutajuta." Anasema vile mtu anakuelekeza kwa fundi wake wa nguo.

Hapo ndio tunatofautiana, na ndio maana naandika. Naona tunachagua hizi operesheni kwa kuangalia mwili wa mtu mwingine, na kitu unafaa kuangalia ni magonjwa yako na vile unaishi.

Mimi pia nilianza vibaya. Nilikesha kwa simu hadi bando ikaisha nikitafuta gani inatoa kilo nyingi, na kilichonishangaza ni kwamba kati ya hizi mbili kubwa, slivu na baipasi, tofauti ya kilo si kubwa vile nilidhani. Kuna utafiti mbili zilitoka 2018, moja ya Ufini na nyingine ya Uswisi, walifuatilia watu miaka 5, wengine slivu wengine baipasi, na baipasi iliongoza kidogo lakini si kwa umbali wa kukufanya uamue na hiyo peke yake. Sasa ingia kwa kiungulia. Wueh! Kwa ile ya Uswisi, watu waliokuwa tayari na kiungulia wakakatwa slivu, karibu mmoja kwa kila watatu kilimzidia, wa baipasi walikuwa kama 6 kwa kila 100. Na mimi Eno natembea nayo kwa mkoba, usiku nalala na mito mitatu kama mtu amekaa kwa basi ya Kisumu.

Sababu yake ni rahisi ukielezwa. Slivu wanakata kama asilimia 75 hadi 80 ya tumbo wanatoa kabisa, unabaki na kibomba chembamba, fikiria mutura iliyojazwa vibaya, na kwa kibomba presha ya ndani inakuwa juu kwa hivyo asidi inatafuta njia ya kupanda. Uzuri wake ni kwamba utumbo hauguswi, na ile sehemu inatolewa ndio inatengeneza sana homoni ya njaa, ndio maana rafiki yangu anasahau hata kula lunchi. Ubaya, kilichotolewa hakirudishwi.

Baipasi ni kazi tofauti. Wanatenga kifuko kidogo juu, kama mililita 30 hivi, hata yai la kienyeji halitoshei, halafu wanakiunganisha na utumbo mwembamba huko chini kidogo. Tumbo lako la zamani linabaki humo ndani, halipokei chakula tena lakini linaendelea kutoa maji yake. Kiungulia mara nyingi kinatulia, na kwa mtu wa kisukari sukari inaweza kuanza kushuka hata kabla kilo hazijaenda mbali. Mamangu ana kisukari, shangazi wawili pia, kwa hivyo hiyo sikuipita haraka.

Kwa hivyo baipasi, sivyo? Hata mimi nilikuwa nimeshaamua. Halafu daktari akaniuliza swali ambalo kwa chama hakuna mtu amewahi kuniuliza, "Mama, unameza dawa gani za maumivu?"

Jamani. Goti la kulia limeniuma miaka sita na mimi ni mtu wa diklofenaki, asubuhi moja, jioni moja, siku ya soko mbili. Brufen nakopesha hadi majirani. Akaniambia hizo dawa na baipasi haziivi chungu kimoja, pale kifuko kinaungana na utumbo panaweza kutoka vidonda, vinaweza kuvuja damu, vinaweza hata kutoboka, na mtu wa sigara yuko kwa hatari hiyo hiyo. Panadol sawa. Diklo kwaheri, na si ya mwezi mmoja, ni ya maisha. Nikatoka hapo Upper Hill nikiwa nimechanganyikiwa, kiungulia kinanisukuma baipasi, goti linanivuta slivu, na mimi niko katikati nangoja matatu kwa jua.

Na bado sijafika kwa chai. Mkenya ukimwambia chai ya maziwa na sukari vijiko vitatu inaweza kumtoa jasho, moyo udunde na tumbo liendeshe, atakuona mchawi, lakini baada ya baipasi sukari ikishuka kwa utumbo haraka mwili unaweza kufanya hivyo kabisa. Kunywa na kula pamoja pia hapana, unangoja kama nusu saa. Ugali ngumu inaweza kukwama. Protini wanataka angalau gramu 60 kwa siku, na ukihesabu yai ni gramu kama 6 utaona ni omena, ndengu, samaki na kuku kila siku bila likizo. Pombe inapanda kichwa haraka, wa nyama choma na baridi mjue. Mimba unangoja mwaka hadi mwaka na nusu, na kilo zikienda hedhi iliyopotea inaweza kurudi, kwa hivyo ule mchezo wa "mimi sishiki" usiutegemee. Nywele zinaweza kupukutika miezi ya kwanza kwanza, mara nyingi zinarudi.

Halafu vitamini, madini ya chuma, B12, kalisiamu, vitamini D, pamoja na kupimwa damu, hiyo ni hadi uzeeni. Slivu pia unahitaji, lakini baipasi ukiacha itakukamata vibaya zaidi. Hapa ndio nauliza watu wa pesa. Sisi ni watu wa harambee, mtu akiwa na saratani tutafungua grupu ya WhatsApp na jioni tumefika mbali, lakini nani atakuchangia ukatwe tumbo kwa sababu umenona? Watu watacheka kwanza. Kwa hivyo ukipata pesa ya operesheni ukamaliza yote siku hiyo ukasahau ya vitamini, naona bado haujapata pesa ya operesheni. Ni sawa na wanaoenda India kwa sababu bei ni nzuri, mimi siwalaumu, ila uliza kabla upande ndege, tumbo likianza kuuma wiki ya tatu ukiwa Kayole utapigia nani.

Kuna mahali moja hapa mjini nilitumia ujumbe nikiulizia tu. Wakaitisha picha, kilo na urefu, dakika kumi baadaye nikapewa tarehe, bei ya ofa na deposit ya kutuma. Hakuna aliyeuliza kiungulia. Hakuna aliyeuliza goti. Nikawablock.

Zingine nitazipitia mbio. Bendi ya kufunga tumbo kwa juu imepitwa na wakati, inateleza, inakula tumbo, wengi walirudi kutolewa. Baluni ya kujaza tumbo inawekwa na endoskopi, ule mrija wa kamera unapitia mdomoni, nyingi zinakaa kama miezi 6 zinatolewa na mara nyingi kilo zinajua njia ya kurudi. Sindano za Ozempic zinafanya kazi ukiwa bado unazidunga, hesabu na mfuko wako. Na liposakshoni si ya kupunguza uzito, aki mtu asiwadanganye, hiyo ni ya kuchonga umbo.

Mimi mwishowe nilifanya endoskopi. Kuna henia ndogo na umio umechubuka na asidi, kwa hivyo slivu nimeitoa kwa orodha hata kama chama watanuna. Imebaki goti. Hii ni wiki ya tano bila diklo, naenda fizio Jumanne na Ijumaa, nafunga barafu kwa leso nikitazama habari, na ngazi za kwetu ghorofa ya nne nazipanda nikihesabu kwa sauti, mtoto wa jirani siku hizi ananisaidia kuhesabu. Daktari amesema nikishindwa kumaliza miezi mitatu bila hiyo dawa, tukae chini tuongee upya.