Sinia asiye na junia

Kampuni ya utalii Arusha ikiamua kujitengenezea mfumo wake wa kupokea wageni, kwa kawaida huajiri developa mmoja, yaani mtengenezaji wa programu za kompyuta. Baada ya miaka mitatu anaitwa sinia, yaani developa mkongwe; anayeanza huitwa junia. Chini yake hakuna mtu, na juu yake yupo bosi anayeijua Serengeti kuliko anavyoijua hifadhidata. Ndiyo maana wapo wanaosema vyeo vya junia na sinia ni mapambo tu, vifutwe.

Wana hoja. Ngazi hizi tumezipokea kutoka kampuni kubwa. Pale Google mhitimu mpya huanzia ngazi iitwayo L3 na sinia yuko L5, na anayepanda anapimwa na watu wanaoijua kazi. Huku tumechukua jina, wapimaji tumewaacha hukohuko. Miaka nayo haitoshi kuwa kipimo. Mwaka 1980 Stuart na Hubert Dreyfus wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waligawa ujuzi katika hatua tano, kutoka mwanagenzi anayefuata kanuni hadi bingwa anayeona tatizo kwa kulitupia jicho mara moja. Kilichotofautisha hatua hizo kilikuwa namna mtu anavyolitazama jambo lililo mbele yake.

Chukua malipo ya simu. Mteja akilipa, mtandao wa simu hutuma taarifa kwenye mfumo wa ofisi, nao unaandika kwamba amelipa. Junia anajaribu mara moja, anaona imekubali, anafunga kompyuta. Sinia wa kweli anauliza: je, taarifa hiyohiyo ikija mara mbili? Inatokea, kwa sababu mtumaji asipopata jibu kwa wakati hutuma tena. Basi anaiwekea namba ya muamala sharti la kutojirudia. Taarifa ya pili inajibiwa kwamba imefika, na salio haliguswi. Na isipofika kabisa? Hapo anapanga ulinganisho wa kila usiku kati ya hesabu za ofisi na za mtandao. Msimbo wenyewe, yaani maandishi ya programu, ni mistari michache. Shughuli ni kujua swali la kuuliza, na hilo mtu hulipata kwa kuumwa na makosa yake mwenyewe au kwa kukaa karibu na aliyeumwa.

Hata hivyo siungi mkono kufuta vyeo. Kijana aliyetoka Chuo cha Ufundi Arusha na stashahada yake, ngazi ya 6 ya tuzo za ufundi za taifa (NTA), akiingia ofisi isiyo na ngazi atadai nyongeza kwa hoja gani? Wote mtaitwa madevelopa, na mshahara utakuwa ule wa chini. (Waajiri wanaopenda usawa wa namna hii ni wengi kuliko unavyodhani.) Kuitwa junia kuna kinga pia: unaruhusiwa kuuliza, na seva ikianguka usiku si wewe wa kwanza kupigiwa.

Kwa hiyo ngazi zibaki, ila usinia usitolewe kabla mtu mwingine wa fani hajausoma msimbo wa mhusika na kumuuliza maswali magumu. Ofisi yenye developa mmoja itampata wapi huyo msomaji? Kwa kampuni jirani. Wenye kampuni watakataa kwanza, wakihofia orodha ya wateja, na hofu hiyo si ya kijinga, maana orodha ndiyo mali yao. Lakini msimbo unasomeka bila jina hata moja la mteja, mradi aliyeuandika hakuchanganya siri za ofisi humohumo. Akiwa amezichanganya, jibu la usinia wake limeshapatikana.