Kichanga hahukumiwi kwa mistari miwili

Hapa Busia, upande wa Uganda, bibi mmoja alimpeleka mjukuu wake wa miezi miwili kwenye kliniki ya mtaani akapimwe VVU. Kifaa kikatoa mistari miwili, alama ya kuwa na VVU. Jua halijazama, mkwewe, mama wa kichanga, alishafukuzwa akiwa na mtoto mgongoni, vidonge vyake vya VVU vimebaki kabatini.

Nimekasirika, na sababu ninayo. Kipimo kile cha haraka hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda kupambana na virusi, na kingamwili za mama humfikia mtoto tangu tumboni, zikaweza kukaa mwilini mwake hadi miezi 18. Mtoto asiye na kirusi hata kimoja naye hutoa mistari miwili. Kichanga hupimwa kwa PCR, inayosaka virusi vyenyewe. Akifikisha wiki kama sita, muuguzi humchoma kisigino, matone ya damu hudondoshewa kwenye kadi maalumu, kadi huachwa ikauke, kisha husafirishwa hadi maabara ya taifa Kampala. Majibu hayo yanataka subira.

Kinachoniuma zaidi ni vile vidonge. Bila dawa, kati ya watoto 100 wa akina mama wenye VVU, 15 hadi 45 huambukizwa: tumboni, wakati wa kuzaliwa, au kwa kunyonya. Mama akimeza dawa ipasavyo, hawafiki 5. Na nchi hii ina mchango wake katika elimu hiyo, kwani utafiti wa nevirapini, dawa ya kuzuia mama asimwambukize mtoto, uliotoa majibu mwaka 1999 ulifanyika hospitali ya Mulago, Kampala. Tangu 2012 sera yetu ni kumwanzishia kila mjamzito mwenye VVU dawa za maisha. Anaruhusiwa kunyonyesha, miezi sita ya kwanza maziwa yake matupu, mradi asiruke dozi. Sasa ukimfukuza bila dawa, umemkinga nani?

Simlaumu bibi peke yake. Mhudumu aliyepokea pesa akampima kichanga bila kumweleza mtu chochote ana lawama kubwa zaidi. Na akina baba, jamani, ushauri nasaha unatolewa bure, lakini mabenchi ya kliniki ya wajawazito yamejaa wanawake peke yao. Mume angekuwepo siku ile angemwambia mama yake, "Mama, tusubiri PCR."

Mtoto yule apelekwe akapimwe upya. Akikutwa na virusi aanze dawa mara moja, kwa sababu bila matibabu karibu nusu ya watoto wa namna hiyo hufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Asipokutwa navyo, arudi kila tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yake, hadi kipimo cha mwisho baada ya kuacha kunyonya.