Shemeji, Dada na Maji ya Bamvua

Shemeji yangu wa Nairobi ni mtu wa hesabu. Likizo ya Desemba alianza kuipanga Agosti, kwenye kompyuta, na jedwali lake lilikuwa na rangi: buluu ni mbizi zake, manjano ni chakula, waridi ni mambo ya dada yangu. Kwenye buluu kulijaa saa za kuondoka, vina, majina ya miamba, hata uzito wa mapezi. Kwenye waridi, kila siku, neno moja tu: "Ufuo."

Mimi kazi yangu ni boti, huku Bamburi. Najaza mitungi, nawatoa wapiga mbizi nje ya mwamba, nawarudisha wakiwa idadi ileile. Kwa hiyo aliponitumia jedwali, nilitazama tarehe kwanza. Zilikuwa zimeangukia mwezi mpevu. Nikampigia. "Shemeji, siku hizo ni bamvua. Sogeza mbele wiki moja." Akasema amenielewa, akashukuru sana, na tarehe zikabaki palepale, maana hoteli ilikuwa imempa punguzo.

Jambo hili huharibu likizo za watu kuliko mvua, ndiyo maana nalieleza. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Tofauti yake hupita mita 3. Hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, yaani kama tarehe 7 hadi 9 na 21 hadi 23 za mwezi mwandamo, huwa ni maji mafu, na bahari haisogei sana. Sasa hapa Mombasa bamvua hupwa mwendo wa saa nne na saa tano asubuhi, ikajaa tena alasiri mwendo wa saa kumi. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika kama 50, hata yakifika maji mafu unakuta saa nne ileile asubuhi bahari imejaa. Mpiga mbizi anayataka maji mafu, kwa sababu mkondo huwa mpole na maji hayatimui mchanga. Asiyepiga mbizi naye anayataka, kwa sababu akimaliza chai yake anaikuta bahari ipo. Ni wiki pekee ambayo mume na mke wa namna hii wanaafikiana bila kuitisha wazee.

Asubuhi yao ya kwanza dada alijifunga leso mpya, akavaa kofia pana na miwani ya jua, akashuka ufuoni saa nne unusu. Simu yangu ikalia.

"Weye, hii bahari mmeipeleka wapi?"

Mbele yake palikuwa na mchanga, kisha mwani, kisha vidimbwi, kisha watu wanaotembea mahali alipotarajia kuogelea, na ngamia anayetafutiwa mteja. Bahari yenyewe ilikuwa mstari mweupe kule mwambani. Nikamwambia avae sandak atembee taratibu vidimbwini, aangalie anapokanyaga, maana kuna wale wadudu weusi wa miiba mirefu, na mwiba wao ukikuingia hukatikia ndani. Akauliza maji yatarudi saa ngapi. Nikamwambia saa nane ataona tofauti, saa tisa ataogelea.

"Saa tisa siwezi," akasema. "Jedwali linasema tunalala."

Shemeji wakati huo ana lake. Mafunzo ya bwawani alikuwa ameyamaliza Nairobi, akaja huku kukamilisha mbizi nne za baharini ambazo kozi ya kwanza inadai. Kozi hiyo mwisho wake ni mita 18. Yeye siku ya pili alikuwa ameandika kwa buluu iliyokolea: "Dania." Dania ni meli iliyokuwa ikibeba mifugo, ikazamishwa makusudi 2002, nayo imelala kwenye mita 30 hivi. Mwalimu alilisoma lile neno, akalikata kwa kalamu, akaandika "mwakani."

Boti hutoka saa mbili, maji yakiwa yanapwa, ikapita mlango wa mwamba. Mbizi ya kwanza, saa moja ya kupumzika juu, mbizi ya pili, na ikikaribia saa sita mnageuza. Siku ya bamvua ukirudi saa hiyo, huku ndani ya mwamba hakuna maji ya kubeba chombo. Unatia nanga penye kina na kila mtu anajitwika mzigo wake. Mtungi wa alumini wa lita 12 ukiwa mtupu ni kilo 14 na zaidi. Hewa nayo ina uzito, usidanganyike: lita 12 zikishindiliwa kwa shinikizo la bar 200 ni lita 2,400 za hewa, karibu kilo 3. Hata ukiwa umeshaivuta karibu yote, bado una mtungi mgongoni, risasi kiunoni, yaani vile vipande vizito vya kukuzamisha, na viatu vya mpira juu ya mwani unaoteleza. Shemeji alianguka kifudifudi mbele ya yule ngamia. Mwenye ngamia, mtu wa heshima zake, akamuuliza kama anataka usafiri. Dada alipata picha zote, kwa kuwa alikuwa na nafasi.

Usiku ule pakawa na mazungumzo, na asubuhi nikamkuta dada kwenye boti. Shemeji alikuwa ameamua kwamba upepo wa bahari utamfaa.

Mtu asiyezoea bahari hula kitu kikavu na chepesi, mkate au ndizi, na kidonge cha kichefuchefu hukimeza saa moja kabla ya kutoka. Hukaa nyuma katikati, macho kwenye upeo wa bahari, wala haangalii simu. Dada alikula mahamri, mbaazi za nazi na viazi karai, akakaa mbele kabisa ambako chombo hurukaruka, akawa anahariri picha za jana. Kidonge alikimeza tukiwa mlangoni mwa mwamba. Kilikwenda, kikarudi, hakikukaa.

Boti ikienda haina neno. Shida ni ikisimama. Hapo huyapa mawimbi ubavu, ikaanza kuyumba huku na huku, na moshi wa injini ukabaki palepale. Wanaopiga mbizi hawalijui hili, wako chini kwenye utulivu. Anayewangoja ndiye anayelipa: dakika 45 za mbizi ya kwanza, saa moja ya mapumziko, 45 nyingine.

Wakati huo mwalimu na shemeji wanabishana juu ya risasi. Maji ya chumvi ni mazito kuliko ya bwawa kwa asilimia 2.5 hivi, kwa hiyo mtu ambaye yeye na vyombo vyake ni kilo 100 anahitaji karibu kilo 2.5 zaidi ili azame, na suti mpya ya mpira nayo huelea kuliko kuukuu. Jana mwalimu ndiye aliyempimia; leo shemeji akasema bwawani alitumia kilo 4, ameizoea 4, na jedwali limeandikwa 4. Mwalimu akamwachia, kama mwalimu mzuri anavyomwachia mwanafunzi wa aina hiyo kwenye maji yasiyo na mkondo.

Wenzake wakashuka. Shemeji akaitoa hewa kwenye jaketi lake la mbizi, akabaki juu. Akatoa pumzi zote kifuani, akabaki juu. Akainamisha kichwa, akapiga mapezi kwa nguvu. Miguu ikaonekana, makalio yakaonekana, shemeji haendi popote. Mwishowe akaogelea hadi ubavuni mwa boti, akashika kamba, akangoja mtu amletee zile risasi bila kulazimika kuziomba.

Ndipo dada aliponishika mkono. Rangi imeshamtoka. Kanuni ya chombo haina mjadala: anayetapika hupelekwa demani, upande upepo unakoelekea, upepo uchukue; ukimweka joshini, unakotoka, upepo unamrudishia yeye na wote waliomo. Nikampeleka demani. Demani ndiko kwenye maji tulivu. Na kwa sababu ndiko kwenye maji tulivu, ndiko mtu aliyeshindwa kuzama hujishikiza.

Viazi karai vilitangulia. Kisha mbaazi, kisha mahamri, kila kitu kwa mpangilio wa kurudi nyuma. Wale samaki wadogo wenye mistari, ambao siku nyingine tunawabembeleza watokee, walikuja bila kuitwa, kundi zima, wakamvamia shemeji hadi kwenye kioo cha miwani.

"Risasi!" akapiga kelele. "Nipeni risasi zote!"

Kupiga kelele kulimlazimu aitoe regyuleta, kile cha kuvutia hewa, mdomoni, na saa ile halikuwa shauri jema. Alishuka na kilo 7, bila kuaga.

Siku iliyofuata nililinyakua jedwali. Nikawavusha feri ya Likoni mapema, tukashika barabara ya kusini hadi Shimoni, tukaingia boti ya kwenda Kisite, kwenye hifadhi ya bahari. Kama una mpenzi wa mbizi na mpenzi wa kukaa, hiyo ndiyo safari yenu, wala usinilipe ushauri. Boti ni moja. Mmoja anashuka na mtungi, mwingine anavaa jaketi la kuelea na miwani, anashika boya, mwongozaji anamvuta juu ya matumbawe. Huhitaji kujua kuogelea. Dada aliona pomboo, akaona kasa, kisha akala kaa Kisiwani Wasini hadi akalegeza leso. Kile kidonge nilimpa kwa mkono wangu, saa moja kabla, nikasimama hadi akameza.

Nilidhani tumemaliza.

Kabla ya mbizi kila mgeni hujaza fomu, na kuna swali: unapanda ndege lini? Siku ya mwisho shemeji aliandika, "Sipandi ndege." Ilikuwa kweli. Akapiga mbizi mbili safi, kilo 7, bila ubishi, akapanda juu anacheka, akaniambia nimharakishe, maana treni ya Nairobi ni alasiri.

"Treni gani?"

"SGR. Tiketi ziko tayari, kila mtu na kiti chake."

Nikamkalisha kitako. Ukiwa chini, shinikizo la maji huisukuma naitrojeni ya hewa unayovuta iingie kwenye damu na minofu. Ukipanda polepole na kutulia juu, hutoka taratibu kwa pumzi. Ukikimbilia mahali pa juu ambako hewa ni nyepesi, inatoka kwa mapovu ndani yako, kama soda iliyofunguliwa kwa pupa, na mapovu hayo yakikaa kwenye viungo au uti wa mgongo ni hospitali. Ndiyo maana baada ya mbizi za siku kadhaa mtu hungoja saa 18 kwa uchache kabla ya kuruka, na wengi husema 24.

"Lakini treni hairuki," akasema mtu wa hesabu.

"Hairuki. Inapanda. Tahadhari inaanza mita 300 juu ya bahari, na kabla hujafika Voi umeshazipita. Nairobi yenyewe ni zaidi ya mita 1,600."

Akamtazama dada. Dada akazitazama tiketi, akamtazama mumewe, akazitazama tena tiketi.

"Basi weye baki," akasema, akaita tuktuk.

Tulipokumbuka sanduku, treni imeshaondoka Miritini. Lilikuwa moja, la wote wawili, na lilikwenda na dada. Shemeji alibaki na suti ya mpira yenye maji, mapezi, na kaptura aliyoivaa. Nikampeleka kwa Mama, Kisauni. Mama akamtazama kuanzia juu hadi chini, akaitikia shikamoo yake kwa upole, akaingia ndani akatoka na kikoi cha marehemu baba na fulana ya kampeni ya mtu aliyeshindwa uchaguzi.

"Karibu mkwe wangu. Leo ni wali wa nazi. Mbuzi ile pale."

Shemeji akageuka kumtafuta mbuzi uani. Nikamwonyesha kibao chenye ulimi wa chuma, nikamkalisha juu yake, nikampa kizio cha nazi. Unakuna kwa kuzungusha, ukingoni kwanza, kisha unaingia katikati, na unaacha kabla ya ile sehemu ya kahawia, la sivyo tui linakuwa jeusi. Alikuna ya kwanza hadi kahawia. Ya pili alikuna pamoja na kidole.

Magharibi simu yake ikaingia ujumbe. Dada alikuwa ametuma picha ya ndovu wa Tsavo kwa dirishani, halafu picha ya kiti cha mumewe, mkoba wake umekalia, umefungwa leso. Chini ameandika: "Jedwali linasema saa hizi tunalala. Mimi nimelala. Je, weye?"

"Nimjibu nini, Mama?" shemeji akauliza.

"Mjibu kesho," Mama akasema kutoka jikoni. "Kuna nazi mbili zimebaki."