Kaswende kwa mwenye VVU: sindano moja au tatu?

Chukua mtu wa CTC, kliniki ya wenye VVU, anameza ARV zake vizuri, hana kidonda wala upele. Kapimwa kaswende kwa mara ya kwanza, RPR, kipimo cha damu kinachokadiria wingi wa kingamwili (namba ya pili ikiwa kubwa, ndivyo zilivyo nyingi), imesoma 1:16. Daktari mmoja atamchoma penisilini ya benzathini uniti milioni 2.4, nusu tako hili nusu lile, yameisha. Mwingine atamwambia arudi wiki ijayo na inayofuata, zitimie tatu, "maana una VVU."

Hofu ya huyu wa pili ina historia. Miaka ya 1980 waliripotiwa wagonjwa wenye VVU waliochomwa dozi ya kawaida, kisha kaswende ikaibukia kwenye ubongo. Na kweli, benzathini haifiki kwenye maji ya uti wa mgongo kwa kiwango cha kuua vijidudu.

Ila siku hizo ARV za mchanganyiko kama za leo hazikuwepo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2025 ulichukua watu 249 wenye kaswende changa, yaani iliyoingia karibuni, zaidi ya nusu wakiwa na VVU. Baada ya miezi 6 kipimo cha damu kilionyesha tiba imeitika kwa asilimia 76 ya waliochomwa mara moja, na 70 ya waliochomwa mara tatu. Sindano mbili za ziada zilileta maumivu tu. Shirika la Afya Duniani nalo halitofautishi dozi kwa sababu ya VVU.

Kwa kaswende changa, basi, mimi ni wa sindano moja, hasa dawa yenyewe inapoadimika na wajawazito wanaihitaji. Lakini mgonjwa wetu wa 1:16? Daktari wa pili amepatia dozi, amekosea sababu. Hana dalili, hajawahi kupimwa. Hatujui kaupata lini. Asiyejulikana muda huhesabiwa kuwa na kaswende ya zamani, na hiyo ni sindano tatu hata kwa asiye na VVU. Angepimwa mwaka jana akawa salama, moja ingemtosha.

Kinachonisumbua zaidi ni kipimo cha haraka cha VVU na kaswende kwa pamoja. Ni kizuri kwa mjamzito anayepimwa mara ya kwanza. Kwa aliyewahi kutibiwa, mstari wa kaswende mara nyingi hujitokeza maisha yake yote, na kuna wanaochomwa upya kila ukionekana. RPR ndiyo hushuka: kutoka 1:32 hadi 1:8, tiba imeitika. Namba ya siku ya sindano isipoandikwa kwenye kadi, miezi 6 baadaye utalinganisha na nini?

Kuhusu kutoboa mgongo ili kupima maji yake kama kaswende imefika kwenye ubongo, wapo wanaomtoboa kila mwenye CD4 (seli za kinga) chini ya 350 au RPR ya 1:32 kwenda juu. Naona ni kuwatesa wengi wasio na dalili. Muulize kwanza macho na masikio. Anayesema tangu mwezi uliopita anaona ukungu jicho moja, huyo wa hospitali: penisilini ya mshipani, uniti milioni 18 hadi 24 kwa siku, siku 10 hadi 14.