Kama nishati giza inadhoofika, mbona atomi zimetulia?

Mwaka 1998 makundi mawili ya wanaastronomia waliopima mwanga wa supanova (nyota zinazolipuka) za mbali walikuta kwamba upanukaji wa ulimwengu unazidi kushika kasi. Kinachousukuma kikaitwa nishati giza, na hukadiriwa kuwa karibu asilimia 70 ya vyote vilivyomo. Ubishi uko kwenye tabia yake. Huenda ni konstanti, yaani namba isiyobadilika, ileile ambayo Einstein aliiingiza katika milinganyo yake mwaka 1917. Huenda pia ni uga wa skala: kitu kilichoenea kote, ambacho kila mahali kina namba yake tu bila mwelekeo, kama lilivyo joto la hewa, na kinachoweza kubadilika taratibu.

Watetezi wa uga wamepata nguvu mpya. Machi 2025 mradi wa DESI, unaochora ramani ya ulimwengu kwa darubini iliyoko Kitt Peak, Arizona, ulitoa vipimo vya galaksi na kwasa (viini ang'avu vya galaksi za mbali) zaidi ya milioni 14. Vikiunganishwa na mnururisho wa kale wa ulimwengu, yaani mwanga uliosalia tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, na supanova, vinaashiria nishati inayodhoofika, kwa sigma 2.8 hadi 4.2 (sigma hupima jinsi ilivyo vigumu matokeo kuwa bahati tu). Ugunduzi hutangazwa kwenye sigma 5. Kinachonitia shaka zaidi ni kwamba jibu hupanda na kushuka kulingana na orodha ya supanova iliyochaguliwa.

Kuna ushahidi mwingine ambao hautajwi inavyostahili. Uga wa aina hii, usipozuiwa na kanuni maalumu, hugusana na mwanga na maada. Ukisogea, nazo namba tunazoziita za kudumu husogea, hasa alpha, kipimo cha nguvu ya sumaku-umeme, takriban 1/137. Basi tuziulize atomi.

Oklo, nchini Gabon, karibu miaka bilioni 2 iliyopita, mashapo ya urani yaliwaka yenyewe na kuwa tanuri la nyuklia. Mabaki yake yaligunduliwa mwaka 1972. Samari-149, aina ya atomi iliyokuwemo, humeza nyutroni kwa pupa kwa sababu viwango viwili vya nishati vinakaribia kulingana. Alpha ingehama kidogo tu, ulaji huo ungevurugika, na mabaki yangeonyesha hivyo. Alexander Shlyakhter aliliona hilo mwaka 1976, na hesabu zilizofuata zinaonyesha kwamba alpha haikuhama zaidi ya takriban sehemu moja katika milioni kumi. Saa za atomi za leo hazioni badiliko lolote hata kwa usahihi wa sehemu chache katika 10^18 kwa mwaka. Dai la mwaka 1999, kutoka darubini ya Keck, kwamba alpha ilikuwa ndogo zamani, halijathibitishwa na vipimo vya ESPRESSO, kifaa cha kuchambua mwanga kilichoko kwenye darubini huko Chile.

Hata hivyo konstanti nayo ina deni: makadirio ya nadharia ya kwanta yanaizidi kwa takriban mara 10^120. Isitoshe, Justin Khoury na Amanda Weltman walionyesha kwamba uga unaweza kujificha palipo na maada nzito, na Oklo ni mwamba, maabara ziko duniani. Hoja hiyo naiheshimu, lakini uga unaojificha kila tunapopima ni rahisi mno kuutetea.

Kwa sasa nabaki na konstanti. Nitahama iwapo orodha zote za supanova, pamoja na zitakazotoka darubini ya Rubin, zitatoa jibu moja, na watetezi wa uga wakaandika kabla ya vipimo ni wapi, na kwa kiasi gani, alpha inapaswa kutikisika.