Dr. Strangelove: je, bomu la nyuklia ni jambo la kuchekwa?

Mandrake, ofisa wa jeshi, ana namba ya siri ya kurudisha ndege za Marekani zinazokwenda kuipiga Urusi kwa nyuklia. Yuko kwenye simu ya kulipia, anampigia Rais, na sarafu hazitoshi. Anamsihi kanali aliye naye aipige risasi mashine ya Coca-Cola wapate chenji. Kanali anasita: ile ni mali ya kampuni.

Ndivyo anavyotuchekesha Stanley Kubrick katika Dr. Strangelove, filamu ya 1964. Jenerali Ripper, anayeamini wakomunisti wanawaharibu Wamarekani kwa floraidi, dawa ya meno inayotiwa katika maji ya kunywa, ameamuru shambulio peke yake. Warusi nao wana mtambo wa kuangamiza dunia unaojifyatua wenyewe, ila bado hawajautangaza.

Mgogoro wa makombora ya Kuba wa Oktoba 1962, Marekani na Urusi zilipokaribia vita vya nyuklia, ulikuwa haujasahaulika, na Bosley Crowther, mhakiki wa filamu wa New York Times, aliona utani umepita kiasi kwa kuudharau mfumo mzima wa ulinzi. Hoja hiyo hainishtui. Wakubwa wamezoea kuchekwa. Lawama ninayoikubali ni nyingine: wanaokufa hawaonekani. Jenerali Turgidson, mshauri wa Rais katika filamu, anataja vifo vya milioni 10 hadi 20 kama hasara ya dukani, na mwisho mawingu ya bomu yanapanda huku Vera Lynn akiimba kwa sauti tamu. (Urani ya bomu la Hiroshima ilitoka kwa wingi Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo. Watu wa huko nao hawamo katika hadithi hizi.) Sidney Lumet, aliyetoa filamu ya Fail Safe mwaka huohuo kwa kisa karibu kilekile bila mzaha, alimaliza kwa sura za wapita njia wa New York. Hapo alimzidi Kubrick.

Wapo pia wanaosema filamu inamsingizia kichaa mmoja, ilhali hatari iko kwenye mfumo. Hao nadhani hawakuitazama vizuri. Ripper anatumia mpango halali unaomruhusu kamanda wa chini kulipiza kisasi endapo wakubwa wameuawa. Mwanzoni mwa filamu kuna tangazo kwamba, kwa msimamo wa Jeshi la Anga la Marekani, kinga zake zisingeruhusu mambo kama hayo. Nyaraka zilizofunguliwa miaka mingi baadaye zilionyesha kuwa Rais Eisenhower wa Marekani aliwahi kuwapa baadhi ya makamanda ruhusa ya aina hiyo kwa hali ya dharura.

Halafu mtazame Meja Kong, rubani wa mojawapo ya ndege hizo za mabomu, ndani ya B-52 yake. Kombora limelipuka karibu, redio imekufa, mafuta yanavuja, na yeye na vijana wake wanachapa kazi kwa utulivu. Hakuna kichaa humo. Milango ya bomu inapogoma, Kong anashuka mwenyewe, analikalia bomu na kuunganisha nyaya kwa mikono, cheche zikimrukia. Milango inafunguka, anaanguka nalo akipunga kofia kama mpanda farasi. Mara ya kwanza nilipoitazama, milango ilipofunguka nilishusha pumzi: afadhali, amefaulu.